Gunzi Lililokaa Nje ya Lango

Mara ya kwanza Therese Uwiduhaye alipokuja nyumbani kwangu kuniomba mjukuu wangu akacheze kwake, nilimtazama kuanzia kandambili hadi kilemba, na swali langu lilikuwa moja tu: huyu anataka nini? Mtu mzima hashindi chini na watoto wa wenzake bure. Hata leo, nikiwa nimekwisha kumjua, sijutii kuuliza. Ninayojutia ni mengine.

Mimi ni Kyomugisha, mama yake Muhwezi, hapa Kibingo upande wa Kyerwa. Sisi ni wafugaji tuliotulia. Marehemu mume wangu alijenga nyumba ya bati akapanda na migomba, lakini ng'ombe hatukuwaacha. Sehemu kubwa ya mwaka mwanangu Muhwezi hukaa na wengi wao mbali kwenye majani, na wa maziwa hubaki nami. Ni wangapi? Hilo usiniulize. Kwetu ng'ombe hawahesabiwi kwa sauti, na mgeni akitaja idadi tunamwangalia mikononi kuona kama amebeba kamba.

Therese yeye wazazi wake walikuja zamani kutoka Rwanda, wakalima vibarua kwenye kahawa za watu. Alizaliwa hapa hapa, akaolewa hapa, akafiwa na mume hapa. Mguu wake wa kushoto uliangukiwa na gogo miaka kadhaa iliyopita, na tangu hapo jembe halimwendi vizuri. Akina mama waliokuwa wakitoka alfajiri kwenda shambani wakaanza kumwachia watoto wadogo, watatu kwanza, kisha saba, kisha kumi na wawili. Walimletea mkungu wa ndizi au mzigo wa kuni, na wengine walimletea mtoto tu.

Basi akawa "Mwalimu". Mwalimu gani hana ubao wala chaki? Alikuwa na mkeka aliotandika chini ya kibanda chake cha zamani cha kuanikia kahawa, na kikapu. Siku ile alikuja nacho, nikachungulia ndani nikacheka kwa dharau. Kulikuwa na magunzi ya mahindi, vizibo vya soda, magome makavu ya migomba, vifuniko vya makopo, vijiti, na maharage yaliyotobolewa na wadudu. Vitu ninavyofagia mimi kila asubuhi ndivyo alivyokuwa akifundishia.

"Shikamoo, Mama Muhwezi," alisema, ingawa si mdogo kwangu kwa miaka mingi. "Nimesikia mtoto amenyamaza. Niletee nimjaribu?"

Hapo alinishika pabaya. Ankunda alikuwa na miaka minne, na kweli alikuwa amenyamaza. Hakuwa mgonjwa. Alikula, alilala, alinifuata huku kashika gauni langu, lakini kinywa chake kilikuwa kama kimefungwa kwa uzi. Mama yake, Dusabe, alikuwa ameondoka miezi mitano nyuma. Aliondoka tu. Hivyo ndivyo nilivyomwambia Muhwezi kwa simu, na hivyo ndivyo nilivyowaambia majirani. Mtoto nilimwambia mama ameenda sokoni Nkwenda, atarudi. Wewe unayesoma nivumilie kidogo, hilo nitalirudia.

Nikamruhusu. Lakini siku tatu za kwanza nilikwenda naye, nikakaa kwenye kiti pembeni nikijifanya nasuka mkeka. Sikuona kitu cha kunishtua. Mtoto anachukua anachotaka kikapuni, anapanga anavyotaka, na Therese anakaa chini karibu naye mguu mbovu ameunyoosha. Haelekezi. Hasemi hili ni gari, hii ni nyumba. Baada ya muda anauliza, "Huyu ni nani?" Akijibiwa anauliza, "Halafu?" Kisha tena, "Halafu?" Siku nzima kazi ya mama mzima ni kusema halafu! Nilitaka kucheka. Mtoto wa jirani yangu Polikarpi alikuwa na kizibo kimoja tu, na kwa kusukumwa na halafu za Therese kizibo kile kilipanda pikipiki, kikavuka mto, kikapigana na mbwa, kikaoa.

Kitu kimoja ndicho sikukipenda. Watoto wakisimulia, Therese alikuwa akiandika kwenye daftari lenye gamba la bluu. Anaandika nini? Na anamwandikia nani?

Wiki ya tatu Ankunda akasema. Tulikuwa jikoni, akasema "chumvi haitoshi," wazi kabisa, na mwiko ukanitoka mkononi. Nilifurahi hadi nikalia, sioni haya kulisema. Nilimpelekea Therese kibuyu cha maziwa yaliyoganda, nikamshukuru, naye akasema, "Si mimi, Mama Muhwezi. Ni maharage." Nikarudi nyumbani nikitabasamu peke yangu njiani.

Furaha yangu ilidumu siku nne.

Siku ya tano nilimkuta Ankunda ameketi sakafuni, ametoa maharage mfukoni mwa gauni lake na kuyapanga katika duara la vijiti. Haragwe kubwa jekundu liko mbele. Linalofuata ni la rangi ya kahawia hafifu. Kuna jeusi lenye doa jeupe ubavuni, kuna la kijivu, kuna la manjano lililopinda.

"Huyu ni nani?" nikauliza, nikimwiga Therese.

"Bihogo," akajibu, akigusa lile jekundu. Kisha akagusa la kahawia. "Gaaju."

Aliwataja wote kwa majina. Nikasimama palepale nikiwa sijui niketi au nikimbie. Zizi langu lote lilikuwa sakafuni, rangi kwa rangi, hata doa la ubavuni lilikuwa mahali pake. Mfugaji yeyote angepita akatupia jicho moja angejua nina nini na ninakosa nini. Kando ya Bihogo aliweka hata punje ndogo nyekundu, ndama wake.

"Kwa Mwalimu unapanga hivi hivi?"

"Ndiyo, Bibi."

"Na Mwalimu anaandika?"

"Anaandika yote."

Pasaka iliyopita mitamba miwili ya watu wa ng'ambo ya bonde ilitoweka, wakasema imevushwa mpaka. Kulikuwa pia na maneno kwamba maofisa wa mifugo wa serikali watapita kuhesabu. Na Therese, usisahau, asili yake ni Rwanda, na Dusabe vilevile. Wanasalimiana kwa lugha ya wazazi wao. Nikaunganisha uzi na uzi. Mama anayeuliza halafu siku nzima, anayeandika kila kitu, asiyelipwa na mtu! Nilipomwambia Polikarpi, akashusha sauti: "Na mwanangu naye, Mwalimu alimuuliza, 'Baba yako hulala wapi mchana?' Sasa kulala kwangu kunamhusu nini?" Tukatazamana. Kumshuku mtu mkiwa wawili ni kutamu, hakuna haja ya kudanganya.

Kesho yake mchana nikapita nyuma, katikati ya migomba ya Therese, nikajibanza nyuma ya ukuta wa kibanda. Umri wangu huu, na magoti yangu haya! Siafu wakanipata, nikavumilia. Kupitia kwenye ufa nilimwona Ankunda amekwisha kupanga zizi lake. Nikangoja Therese ahesabu.

Hakuhesabu. Hata hakuyatazama maharage. Alikuwa anatazama gunzi moja lililovishwa kipande cha kanga, lililosimamishwa nje ya duara, mbele ya kijiti kilicholazwa kama lango.

"Huyu ni nani?"

"Mama."

"Anafanya nini pale?"

"Anaita. Anasema, 'Mama, nimefika.'"

"Halafu?"

Ankunda akachukua gunzi jingine, jeusi kwa masizi, akalisimamisha ndani ya duara. "Bibi amefunga lango. Bibi anasema rudi kwa wanaokunywa maziwa yangu."

"Halafu?"

"Bado," mtoto akasema.

Siafu nilikuwa siwasikii tena.

Sasa nieleze, maana nimekwisha kuelezwa na mtoto wa miaka minne. Nyumba yetu na zizi viko ndani ya ua mmoja, na lango ni moja, miti mitatu ya kulaza. Ng'ombe wakiingia na moto wa moshi wa kufukuza wadudu ukiwashwa, miti inalazwa, na utaratibu wa mume wangu ulikuwa kwamba haiondolewi hadi asubuhi. Miezi ile maziwa ya Bihogo yalikuwa yamepungua. Mama mzazi wa Dusabe alikuwa mgonjwa kule Nkwenda, na Dusabe alikuwa akienda kumwona kila Jumapili. Nikajua maziwa yanakwenda wapi. Sikuona kwa macho, nilijua tu, kama ninavyojua mambo mengi. Jumapili moja alichelewa, akakuta miti imelazwa. Akaita. Nilimsikia vizuri, na nikamjibu maneno yale yale uliyoyasikia, Ankunda akiwa ameshika gauni langu. Nilidhani mtoto wa umri ule hashiki maneno.

Wiki saba baadaye Bihogo akazaa. Ng'ombe mwenye mimba kubwa hukausha maziwa, hilo analijua kila mtoto aliyekulia zizini. Mimi nimekamua miaka arobaini. Tumbo la Bihogo nililiona kila asubuhi, nikaona heri nimshuku mtu kuliko kumtazama ng'ombe. Na alipozaa nikajua nimekosa, nikanyamaza. Dusabe alikuja mara moja kumtaka mwanawe, nikamwambia mtoto ni wa ukoo wa baba yake na baba yake yuko mbali malishoni. Akaenda kufua mashuka katika nyumba ya wageni Nkwenda. Simu hakuwa nayo, na Muhwezi hadi hapo alikuwa anaamini mkewe alimkimbia.

Ungedhani nilitoka nyuma ya ukuta nikaomba radhi. Hapana. Nilikwenda moja kwa moja kwa Athanasi, mwenyekiti wetu wa kitongoji, nikamwambia Therese anahesabu ng'ombe wa watu kwa kutumia watoto. Nilijua si kweli. Lakini daftari lile sasa lilikuwa na mimi ndani yake, na nilitaka lichomwe.

Jumamosi wazazi wote wakaitwa barazani kwa Athanasi. Nikasimama nikasema yangu, na nasema vizuri nikiamua. Wafugaji wakaguna. Polikarpi akaongezea lake la kulala mchana. Mama mmoja akasema mwanawe tangu aanze kwenda pale amekuwa na maswali mengi mno, na huo ukahesabiwa ushahidi.

"Mwalimu Therese," Athanasi akasema, "unasikia. Ikiwa ni kweli, kibanda kinafungwa leo. Lete daftari."

Therese alilitoa kwenye mfuko wa rambo. Nikageuza uso.

"Mwenyekiti, ni hili," akasema. "Lakini yamo mambo ya nyumba za watu. Naomba lisisomwe kwa sauti. Kila mzazi asome ya mtoto wake. Asiyesoma nitamsomea pembeni. Kama kuna niliyemdhuru, aseme mwenyewe."

Athanasi akafikiri, akakubali. Polikarpi akawa wa kwanza. Akasoma, akatoa macho, akalifunga daftari haraka kana kwamba limemuuma. Baadaye nilijua kwamba mwanawe alipanga kizibo kilicholala mchana nyuma ya banda la kuku pamoja na chupa ya rubisi, ile pombe yetu ya ndizi, mkewe akidhani yuko shambani. "Langu halina neno," akasema, akaketi mbali na mkewe. Yule mama wa maswali alisoma huku anacheka hadi machozi. Mwingine alisomewa pembeni, akamshika Therese mkono na hakuuachia. Hasira ya watu ikaanza kupoa, nami nikaanza kutokwa na jasho.

Likanifikia. Mimi nilimaliza darasa la saba, nasoma. Kurasa za Ankunda zilikuwa tisa, kila siku ukurasa tangu alipoanza kusema. Juu kabisa Therese alikuwa ameandika kwa mwandiko wake mkubwa: "Mtoto amepanga ng'ombe, amewataja majina. Majina na idadi siandiki, si desturi ya kwao." Nilisoma mstari huo mara mbili. Mtu niliyemwita mwizi alikuwa amelilinda zizi langu hata dhidi ya kalamu yake.

Kisha yakafuata mengine. "Gunzi la mama liko nje ya lango. Nimeuliza, halafu? Amesema, bado." Ukurasa wa pili, bado. Wa tatu, bado. Nilifunua nane, na zote zilikuwa na neno hilo. Ukurasa wa mwisho ulikuwa wa jana yake. "Leo gunzi la mama halipo langoni. Amelipeleka mbali, kwenye kifuniko cha kopo, anasema ni Nkwenda. Amesema mama amechoka kuita. Nimeuliza, halafu? Hakunijibu. Leo hakusema tena neno lolote."

Na kweli. Jana yake jioni Ankunda hakusema kitu nyumbani, nami nikadhani ana usingizi.

"Mama Muhwezi," Athanasi akaita. "Wewe ndiye uliyelalamika. Ng'ombe wako wamehesabiwa humo au hawakuhesabiwa?"

Ningesema "wamehesabiwa", nani angebisha? Kurasa ni zangu, hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuzisoma. Daftari lingechomwa, kibanda kingefungwa, na siri yangu ingebaki na mtoto asiyesema. Nikatamani kulisema. Lilikuja hadi kwenye ncha ya ulimi.

"Hawakuhesabiwa," nikasema.

"Sasa ulituitia nini?"

"Niliogopa kitu kingine." Nikalifunga daftari. "Mwalimu hana kosa. Kosa ni la kwangu nyumbani."

Nikaketi. Therese alichukua daftari lake akalirudisha kwenye mfuko, na hakunitazama usoni, si kwa kiburi, ila kunisitiri. Soni niliyoiona siku ile sijawahi kuiona tena, na sitaki.

Jumatatu nilimpeleka Ankunda mwenyewe. Badala ya kuketi kwenye kiti, nikashuka kwenye mkeka. Therese akasogea kunipisha, akasukuma kikapu katikati yetu. Ankunda alipanga vijiti, akapanga maharage, akaweka kifuniko cha kopo pembeni kabisa ya mkeka na gunzi lenye kanga juu yake. Yote kimya.

"Bibi ni lipi?" nikamuuliza.

Akanipa lile jeusi. Nikalisogeza hadi langoni, nikakiondoa kijiti, nikakiweka kando.

"Bibi amefungua lango," nikasema. "Bibi alikosea. Maziwa hayakunywewa na mtu, Bihogo alikuwa na ndama tumboni. Sasa mama anaweza kurudi."

Nilidhani nimemaliza. Nilingoja mtoto achukue gunzi la mama alirudishe nyumbani. Hakuligusa. Alikitazama kijiti nilichokiondoa, akanitazama mimi, kisha akanyoosha mkono akalitwaa gunzi jeusi vidoleni mwangu. Akalitoa nje ya lango. Akalitembeza taratibu, hatua kwa hatua, mkeka mzima, likapita kwenye mguu wa Therese kama linapanda kilima, hadi kwenye kifuniko. Akalisimamisha mbele ya lile lenye kanga.

Kisha akaniuliza mimi, kwa sauti ya Therese kabisa:

"Halafu?"

Nilimtazama Therese aniokoe. Akainua mabega tu. Nikainuka, magoti yakalia, nikazitafuta kandambili zangu.

Tulipanda bodaboda, mimi, Ankunda katikati, na gunzi jeusi mkononi mwake kwa sababu alikataa kuliacha. Njia nzima nilipanga maneno na kuyapangua. Nilifikiri: na akikataa? Na akinicheka mbele ya watu? Na kama ameshampata mwingine? Hata siku hiyo sikuacha kushuku, nimeumbwa hivyo.

Pale kwenye nyumba ya wageni, geti la nyuma lilikuwa limefungwa. Juu ya ukuta niliona mashuka meupe yameanikwa, na ndani nilisikia maji yakimwagwa. Nikagonga mara moja, bati likalia. Ankunda alikuwa ameshika gauni langu kama jioni ile. Maneno yote niliyoyapanga njiani yakanipotea, likabaki moja tu, na halikuwa langu.

"Dusabe," nikaita. "Nimefika."

Hakuna aliyejibu. Sikuita mara ya pili, nilijua amesikia, kama mimi nilivyosikia. Nikasimama nje ya lango la watu, jua likiniwakia, nikangoja. Baada ya muda nikasikia ndoo ikiwekwa chini.